Mnunuzi Aliyeketi Kando ya Friji

Mama Vikombe alikuwa jikoni akifunga visahani kwa magazeti ya zamani, mnunuzi wake alipoingia na kuketi kwenye kigoda kando ya friji. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo, na wa nyuma ulikuwa umezibwa na maboksi. Mnunuzi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa sweta la kijivu lenye vumbi la chaki mikononi, na mapajani amepakata buli la chai la kaure, jeupe, lenye maua madogo ya samawati shingoni. Mama Vikombe alilitambua buli, na kwa hilo akamjua mtu ambaye hajawahi kumwona. Alikuwa amelifunga kwa mikono yake mwenyewe na kulipeleka kwa watu wa kusafirisha vifurushi.

"Karibu," akasema, maana mtu akiingia jikoni kwako huambiwa hivyo.

"Ahsante, mama. Nimekuja kungojea haki yangu. Wewe endelea tu na kazi."

Mama Vikombe akaendelea. Kulikuwa na visahani vingi na watu wa vifurushi hufunga mapema.

Mumewe akaingia kutoka sebuleni, miwani juu ya kipaji. Alikuwa fundi wa lifti mpaka alipostaafu, na bado alikuwa na tabia ya kusimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia chumba chochote, kana kwamba anahakikisha sakafu ipo.

"Mgeni ametoka wapi?"

"Mnadani," mkewe akajibu bila kuinua kichwa.

"Anatumia sukari?"

"Kidogo," mgeni akasema. "Lakini baba, mimi sasa hivi niko kazini pia. Nawapanga watoto mstari wa kunawa mikono. Hapa nimekuja upande mmoja tu."

Fundi wa lifti akafikiri. "Basi nitakuwekea nusu kijiko," akasema, akabandika maji.

Mnada wenyewe ulikuwa wa mtandaoni. Mama Vikombe alikuwa akiuza humo vyombo vya zamani tangu miguu ilipoanza kumsumbua na kusimama sokoni kukamshinda. Alivitoa kwenye nyumba za watu waliohama au waliofariki, akaviosha, akavipiga picha kwenye kitambaa cheusi, akaviweka mnadani watu wavigombee. Kila aliyenunua humwachia muuzaji nyota na neno la maoni. Mama Vikombe alikuwa na nyota zote. Hakukuwa na doa hata moja. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, alifungua simu akazitazama, kama wengine wanavyojitazama kwenye kioo.

Mnunuzi huyu alikuwa mwalimu wa chekechea katika mji mwingine. Alipolishinda buli mnadani aliandika ujumbe wa shukrani mrefu kuliko kawaida ya wanunuzi. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kusahau. Alisahau majina ya watoto wake, akasahau nyumba yake, lakini buli lake la maua ya samawati, lililovunjika zamani, aliliulizia kila siku, na chai iliyotoka kwenye chombo kingine aliikataa kwa kufumba mdomo. Kulipata la namna ileile, mwalimu aliandika, ni kama kumpata mama mwenyewe.

Buli likafika na ufa. Chai ikavuja mapajani mwa mgonjwa. Mwalimu akapiga picha, akaituma kwa maneno ya adabu, na Mama Vikombe, ambaye hajawahi kuambiwa kitu kama hicho, akahisi amepigwa kofi hadharani. Akajibu kwamba chombo kilitoka mikononi mwake kizima. Mwalimu akapeleka malalamiko kwa wenye mnada. Wenye mnada wakatazama upande huu, wakaona nyota za miaka na miaka. Wakatazama upande ule, wakaona mtu aliyenunua mara moja tu maishani mwake. Shauri likafungwa kabla ya mchana, Mama Vikombe akapewa haki.

Ndipo mwalimu akamwachia nyota mbili na neno: "Buli limefika na ufa. Muuzaji naona ni mtu mwema, lakini katika hili amekosea."

Lile neno "mwema" ndilo lililomchoma Mama Vikombe zaidi. Damu ikamchemka. Akaingia kwenye ukurasa wa mwalimu, mahali wauzaji wanapoandika habari za wanunuzi, akabonyeza herufi moja moja: "Mnunuzi mwongo. Kavunja mwenyewe. Wauzaji wenzangu, jihadharini naye." Siku iliyofuata wenye mnada wakafuta maoni ya mwalimu, kwa kuwa maoni ya aliyeshindwa shauri hayahesabiwi. Ya Mama Vikombe yakabaki. Wiki ileile mgeni akatokea jikoni.

Alikuwa mgeni mwepesi. Hakulala, hakula, chai alishika kikombe tu ili mikono ipate joto. Jioni familia ilipoingia kulala alibaki kwenye kigoda, na asubuhi alikuwapo, sweta lilelile. Wakamzoea kama watu wanavyozoea saa mpya ukutani.

Kisha ikaonekana ana faida. Fundi na mkewe walikuwa wamegombania dirisha la chumbani tangu walipooana, mmoja analitaka wazi, mwingine limefungwa. Mgeni aliwasikiliza wote wawili, akauliza nani analala upande gani na nani hukohoa, akawaambia wabadilishane pande. Ugomvi ukaisha. Jirani wa chini, aliyenuniana na jirani wa juu kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, alipopata habari alipanda ngazi na vipande vya kamba mkononi. Mgeni alimsikiliza, akaomba yule mwingine aitwe, akamsikiliza na yeye. Waliondoka pamoja, wakisalimiana. Hata wanunuzi walifaidika. Mtu akilalamika kwamba kikombe si cha rangi iliyotangazwa, Mama Vikombe alimwonyesha mgeni simu, na mgeni husema, "Huyu ana haki, mama, mrudishie," au, "Huyu anatia chumvi." Hakukosea. Nyota za Mama Vikombe zikazidi kung'aa, watu wakaandika kwamba muuzaji mwadilifu kama yule hajawahi kuonekana.

Kuhusu buli, mgeni hakusema neno. Mama Vikombe naye akajitia hamnazo. Alipanga vikombe, akapita mbele ya friji, akachukua maziwa, akarudi, na macho yake yaliruka mapaja ya mgeni kama mtu anavyoruka kidimbwi.

Ni mumewe aliyevunja ukimya. "Mama," alimwambia siku moja, wamekaa wawili barazani, "lifti ikikwama katikati ya ghorofa, watu wa ndani hunyamaza na watu wa nje hunyamaza. Kila mmoja anangoja mwenzake abonyeze kitu. Wewe hujalitazama lile buli hata mara moja."

"Nalijua lile buli."

"Haya."

Alimwacha na hilo "haya" mpaka likamkera. Akaingia jikoni, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Hebu nilione."

Mgeni akampa. Mama Vikombe akalipeleka dirishani, akatoa mfuniko, akatazama ndani. Ufa ulianzia chini ya mdomo ukateremka mpaka kwenye kitako, mwembamba kama unywele. Ulikuwa wa kahawia.

Kaure ikipasuka leo, ufa wake huwa mweupe. Ukiwa wa kahawia, chai imeshauingia na kukaa miaka. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wauzaji wapya jambo hilo, na kuwacheka wasiolijua. Akakumbuka pia siku alipolipima. Kila chombo alikigonga kwa ukucha, na chombo kizima hulia kama kengele ndogo. Siku ile jirani alikuwa akitoboa ukuta kwa drili. Aligonga, mlio ukatoka mzito, akajiambia ni hiyo drili. Angeweza kungoja jirani amalize. Kulikuwa na watu wengi wanaolitaka buli, na picha ilikuwa imetoka vizuri.

Na ile picha ya mwalimu, iliyoambatana na malalamiko, ilionyesha rangi ya ufa waziwazi. Aliiona kwenye simu, ndogo kama stempu. Kuikuza kulihitaji vidole viwili tu. Hakuvinyoosha.

"Ulijua?" akamuuliza mgeni.

"Nilijua, mama."

"Mbona hukuniambia ulipokuja?"

"Nilikuwa nimeshasema."

Mama Vikombe akaketi kwenye boksi la visahani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kisahani kimoja kikavunjika ndani bila yeye kukijali. Kisha akauliza lile alilokuwa akilikwepa tangu mwanzo. "Na mama yako?"

"Lilitokea buli jingine mnadani, la muuzaji mwingine. Nilikuwa wa kwanza kuomba. Muuzaji alisoma uliyoandika, akanikatalia. Tulimnywesha mama kwa kijiko, alipokubali." Mgeni akalipokea buli, akalirudisha mapajani. "Tumemzika."

Siku zilizofuata Mama Vikombe hakuuza kitu. Aliwaandikia wenye mnada kwamba shauri waliliamua vibaya, kwamba yeye ndiye mkosaji, wafute neno lake. Wakamjibu kwa heshima nyingi kwamba shauri limefungwa na muda wa kubadilisha maoni umepita. Akaandika tena, kwa hasira. Wakamjibu kwa heshima ileile. Basi akaingia mwenyewe kwenye ukurasa wa mwalimu, na chini ya lile neno akaongeza kwamba mnunuzi huyu alisema kweli tupu, na muuzaji anaomba radhi. Mnada ulipokea maneno hayo kama jibu la adabu kwa mteja. Kesho yake kando ya jina la Mama Vikombe kulikuwa na alama mpya ya dhahabu: Muuzaji Muungwana. Radhi yenyewe haikuonekana mpaka mtu abonyeze mahali padogo sana. "Mnunuzi mwongo" lilikuwa juu, kwa herufi nene.

"Nitamrudisha kwao," akamwambia mumewe.

"Atakubali?"

"Ni mtu wa haki. Atakubali."

Walipanda basi la alfajiri. Kondakta aliwatazama wote wawili, akatoza nauli ya mtu mmoja na nusu. Mgeni aliketi dirishani, buli mapajani, akitazama mashamba yakipita.

Chekechea ilikuwa jengo la matofali lenye mlango wa kijani. Mwalimu alikuwa akifunga kamba za kiatu cha mtoto. Sura ilikuwa ileile na sweta lilelile, ila hapa lilining'inia mwilini kama nguo iliyobaki kwenye kiango. Aliwasalimu, akamtazama mgeni, akamwinamia kichwa kidogo kama mtu anayekutana na jirani wa zamani.

"Mwalimu," Mama Vikombe akaanza. "Mimi ndiye niliyekuuzia buli. Lilikuwa na ufa kabla halijatoka kwangu. Nilikuita mwongo, nawe hukuwa mwongo. Nimekuja kukuomba radhi."

Mwalimu alifikiri, kama mtu anayetafuta neno la wimbo aliosahau.

"Huenda," akasema. "Huenda lilikuwa na ufa. Huenda nililigonga mimi. Niliambiwa nililigonga mimi."

"Mimi ndiye niliyesema hivyo, mwanangu!"

"Basi huenda ulikuwa na sababu." Alisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo Mama Vikombe hakuwa amejiandaa nalo. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. "Sijui kama ulinikosea, mama. Aliyejua ni huyo, naye alihamia kwako." Akamwonyesha mgeni kwa kidevu.

"Ndiyo maana nimemleta. Arudi kwako."

Mgeni akasogea. Wale wawili wakasimama karibu, sweta kwa sweta, chaki kwa chaki. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja.

"Akirudi," akasema taratibu, "nitaanza kuuliza kwa nini mama alikufa na kiu. Nitauliza asubuhi na jioni, na hakuna wa kunijibu. Nina darasa zima hapa. Kaa naye tu, mama. Kwako nasikia ana kazi."

Nyuma yake watoto wawili walipiga kelele, wakivutana gari la mbao. Kila mmoja alilia kwamba ni lake. Mwalimu aligeuka, akalichukua gari mikononi mwao bila kuuliza lolote, akapanda juu ya kiti na kuliweka kabatini. Kabati lilikuwa limejaa mpaka darini: magari, wanasesere, mipira, vipande vya picha za kuunganisha, ngoma, rangi. Sakafuni hapakuwa na kitu. Watoto walikuwa wameketi kwenye mkeka, mikono magotini, wametulia sana.

"Siku hizi wakigombana nachukua," mwalimu akaeleza. "Zamani nilikuwa nauliza. Hivi ni rahisi."

Mama Vikombe alitaka kusema kitu kingine, lakini mtoto mmoja alikuwa akimvuta mwalimu sweta ampeleke chooni. Wakaagana. Mwalimu aliwashukuru kwa kuja.

Walipokuwa nje, wanapita chini ya dirisha la darasa, mgeni alisimama akasikiliza kilio kilichobaki ndani.

"Gari lilikuwa la yule mdogo," akasema. "Mkubwa alimnyang'anya."

Hakuna aliyemsikia isipokuwa Mama Vikombe. Alimshika kiwiko, kwa kuwa barabara ilikuwa na magari mengi, wakavuka kuelekea stendi.