Simenti Nyekundu na Bomba Linalovuja

Mtalaka wangu ni fundi mwashi, na mtaa mzima unamwita Fundi Nongwa. Jina hilo hakupewa na maadui, alipewa na wateja wake. Mkono wake ni mzuri ajabu. Mdomo wake, Mungu anisamehe. Akisema mchanga huu una chumvi, lori linarudi lilikotoka. Akisema simenti fulani haifai, hakuna fundi atakayeigusa, hata akipewa bure. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, na tangu tuachane hupita kwangu, akabonyeza mifuko, akakunja uso, akanisema, kisha akanunua. Nimemzoea.

Tulizaa mtoto mmoja tu, binti. Alipokuwa mdogo baba yake alimpeleka kazini na kumpa mwiko wake mwenyewe, na yule mtoto akapiga plasta banda la kuku mpaka kuku wakaona haya kuingia. Baba mtu akatangaza kwamba amepata mrithi. Mrithi akakua, akaenda zake chuo kikuu kusomea matanuri, akaajiriwa na kiwanda cha simenti, hichohicho kinachotutilia vumbi kwenye chai. Baba akanuna. Tangu siku ile hakumwita tena "mwanangu". Anamwita "yule wa kiwandani". Binti hujifanya haimuumi, lakini mimi ndiye niliyemzaa.

Basi mwaka huu kiwanda kikatundika bango getini, refu kama basi: TUNAELEKEA SIFURI. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sifuri ya nini, ya mishahara? Nikamwuliza mwanangu, akanieleza huku anakula.

"Jiwe la chokaa likichomwa linatoa hewa chafu lenyewe, mama. Si moshi wa makaa peke yake. Hata tukilichoma kwa maombi, hewa ileile inatoka, inakwenda juu na kuipasha dunia joto."

"Sasa mtafanya nini, mtafunga kiwanda tujenge kwa unga?"

"Tutachoma mawe machache. Karibu nusu tunayatoa, tunaweka udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa moto mdogo."

"Yaani tanuri linakula kidogo, linajamba kidogo."

"Mama!"

"Nimekosea wapi?"

Akatafuna, akafikiri. "Hujakosea."

Na mpango ulifanya kazi, msidhani. Kwenye maabara yao simenti ile ilibeba mzigo sawa na ya zamani. Kasoro yake ilikuwa rangi tu. Udongo wa huku ukichomwa huwa mwekundu, na simenti ikatoka na wekundu wa tofali lililopauka. Mifuko ikaletwa dukani. Fundi Nongwa akaja, akachota kiganjani, akaisugua kwa kidole gumba, akaipuliza.

"Hii si simenti," akasema mbele ya mafundi wote. "Hii ni poda ya bibi harusi."

Ikaishia hapo. Mifuko ikalala dukani mpaka paka akazalia juu yake.

Siku moja akaja mkuu wa mauzo wa kiwanda, ambaye sisi tunamwita Bwana Masoko, kijana wa viatu vinavyong'aa. Mwanangu naye alikuwepo.

"Dawa ni ndogo tu, injinia," akasema. "Tunatia masizi kidogo, inakuwa ya kijivu kama zamani. Wateja wanapenda kijivu."

Mwanangu akamwangalia kama anayemwangalia mgonjwa. "Tumehangaika miaka kupunguza moshi, halafu tununue masizi tuyachanganye kwenye mfuko?"

"Basi wakubwa wamesema hivi. Isipotoka kabla ya mvua, tunarudi kwenye simenti ya zamani, tanuri linawashwa lote, na kitengo chako kinafungwa."

Alipoondoka, binti yangu alikaa juu ya ile mifuko, mikono mapajani. Paka akampandia. Nilidhani atalia, bora angelia.

"Udongo nimeuweza, mama," akasema. "Moto nimeuweza. Aliyenishinda ni baba."

Nilichemka, nisiseme uongo. Kesho yake nikafunga duka nikamfuata yule mwanamume kazini kwake, nikamkuta juu ya ngazi anapiga lipu.

"Shuka!"

"Kuna nini tena, we mwanamke?"

"Unamwogopa mtoto."

"Nani anaogopa?"

"Wewe. Hujawahi kuimwaga hata karai moja, unaipulizapuliza tu kama uji wa moto. Unaogopa ikikubali utaficha wapi hilo sura lako."

Wenzake wakaanza kukohoa, unajua vile wanaume wanavyokohoa. Akashuka. Shimo la choo kipya nyuma ya duka langu lilikuwa linangoja mfuniko. Akasema ataumwaga yeye kwa simenti ile, mbele ya watu, ili nikome.

Siku ya kumwaga mwanangu alikuja na kofia yake ya kiwandani. "Baba, hii inaanza polepole. Mbao za kulishikilia zege zikae wiki nzima, na limwagiwe maji asubuhi na jioni."

Baba mtu akanigeukia mimi, na mtoto yuko palepale mbele yake. "Mwambie yule wa kiwandani kwamba mimi namwaga zege tangu yeye hajaota meno."

Akamwaga. Zege lililobaki kwenye karai hakulitupa, akalibandika chini ya bomba la uani ili lisimame wima. Bomba hilo linavuja tangu kabla hatujaoana. Aliahidi kulitengeneza tukiwa wachumba, likavuja ndoa nzima, likavuja siku ya talaka, na bado linavuja.

"Na kuvuja?" nikamwuliza.

"Hiyo siku nyingine," akasema, akanawa mikono hapohapo akaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa napima misumari nikasikia mbao zinang'olewa uani. Nikatoka mbio. Nikachelewa. Mtalaka wangu alikuwa amekwisha ingia kwa tundu la kushukia, ameng'oa miti na mbao zote za chini, amezifunga kamba. Na nani mwingine yupo? Bwana Masoko, amekuja na mpiga picha, maana amesikia Fundi Nongwa amekubali simenti. Kabla sijafungua mdomo alishapanda katikati ya mfuniko, mkono kiunoni.

"Tabasamu," akasema mpiga picha.

Akatabasamu. Zege likasema *krr*, na mguu mmoja ukapita katikati ya nondo mpaka pajani. Kwa bahati mbaya shimo lilikuwa jipya. Mtaa mzima ulicheka, na mimi nilicheka, kisha nikakumbuka ni mfuniko wa nani. Alipovutwa nje kiatu kimoja kilikuwa kimebaki chini.

"Mradi umekwisha," akasema, akijipangusa zege. "Namwambia mkurugenzi leo hii."

"Niliwaambia," akasema Fundi Nongwa.

Mwanangu alifika akihema. Akaona mbao zimefungwa, akaona tundu, akampigia baba yake kelele kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Nilisema wiki! Wiki nzima, baba! Kwa nini hunisikilizi hata siku moja?"

Na yeye akamjibu, si kupitia kwangu. "Mbao ni za kukodi! Kila siku inayopita zinalipiwa. Fundi gani ataacha mbao wiki nzima chini ya mfuniko wa choo? Huko kwenye matanuri yenu mmewahi kuuliza mbao ni za nani?"

Binti akazitazama zile mbao. "Hatukuuliza," akasema.

Akaenda kwenye bomba, akanawa uso, akaondoka bila kuniaga. Mtalaka wangu akajitwika mbao zake. Nilimrushia ndala. Ilimpata.

Siku zikapita. Mwanangu akaanza kuleta nyumbani vitu vyake vya ofisini, kikombe, koti la mvua, mche kwenye kopo. Kila nikiona kikombe kile moyo unanichoma. Na lile bomba nalo likazidi kuvuja, uani pakawa matope. Nikampelekea Fundi Nongwa ujumbe: njoo ulitengeneze, au nitatangaza msikitini na kanisani kwamba huwezi bomba.

Alikuja bila kusema neno. Kwa mtu yule, hiyo ni dalili ya homa au ya aibu. Akaeleza kwa kifupi kwamba kiungo kinachovuja kiko chini ya zege, lazima alivunje kwanza. Nikarudi dukani. Nikasikia nyundo. Nikasikia matusi. Nikasikia nyundo tena, ya hasira zaidi, halafu mlio wa kitu kukatika, halafu kimya.

Nilimkuta ameketi juu ya karai lililopinduliwa, mpini wa nyundo vipande viwili. Analigusa lile zege kwa kidole.

"Umeweka nini hapa?"

"Mimi? Si wewe uliyebandika?"

"Hii ndiyo ile ya choo?"

"Ileile. Karai lilelile, siku ileile."

Bomba likadondosha tone. Halafu jingine. Zege lilikuwa limelowa mchana na usiku tangu siku ile, na hakuna aliyeligusa. Aliyatazama yale matone muda mrefu, mpaka nikaanza kumwonea huruma, jambo ambalo sikulitarajia.

"Ilitaka kunywa tu," akasema polepole. "Ilitaka kuachwa itulie, inywe." Akajifuta uso kwa kiganja chenye vumbi. "Mwite yule wa kiatu."

Bwana Masoko alikuja anachechemea, akasimama mbali na shimo. Fundi Nongwa akachukua nyundo mpya dukani kwangu, akamkabidhi. "Piga hapo."

"Mimi?"

"Piga, usiniharibie siku."

Akapiga. Nyundo ikaruka, nusura imrudie puani. Akapiga tena. Zege halikutoa hata chembe.

"Hii ndiyo ile iliyonimeza?" akauliza.

"Ndiyo hii," nikasema, na hapo sikuweza tena kujizuia. "Sasa nisikilize, Bwana Masoko. Zile hela za masizi nunueni mbao. Kila anayechukua simenti nyekundu apewe na mbao bure, akae nazo wiki nzima. Hakuna atakayekimbilia kung'oa."

"Mama, sisi ni kiwanda cha simenti, si cha mbao."

"Kwani mnataka sifuri au mnataka bango?"

Akamtazama Fundi Nongwa, ambaye alikuwa ameshika ile nyundo upya na kuipimapima uzito. Akatoa simu, akampigia mkurugenzi palepale kwenye matope. Aliporudisha simu mfukoni alisema tumepewa mpaka mvua zianze.

Mfuniko ukamwagwa upya. Safari hii mtalaka wangu alihamia uani kwangu. Asubuhi anamwagilia, jioni anamwagilia, katikati anafukuza kuku kwa fimbo. Wiki ilipotimia akang'oa mbao, akaita mafundi, akapanda mwenyewe juu ya mfuniko akarukaruka na tumbo lake lote. Haukulia.

Kesho yake duka lilijaa mafundi, wote wamekuja kuona mkubwa wao atanunua nini. Mwanangu alikuwa stoo, anapanga mbao za kiwanda zilizoletwa jana. Akaingia Fundi Nongwa, macho kwenye dari.

"Nipe mifuko ishirini."

"Ipi?"

"Ile."

"Ile ipi? Duka limejaa mifuko."

"Ile nyekundu."

"Nyekundu ya nani?"

Mafundi wakageuza shingo. Alinikazia macho, nami nikamkazia, maana nililingoja neno moja miaka mingi kuliko alivyolingoja mtoto mwenyewe.

"Ya mwanangu," akaliambia trei la misumari.

"Sijasikia. Kuna lori linapita."

Hapakuwa na lori.

"Ya mwanangu!" akapayuka. "Simenti ya mwanangu! Una masikio au una mabakuli?"

Kule stoo mbao zikaanguka zote kwa kishindo. Mwanangu akatokea mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, machozi yamemchora mifereji miwili. Hakuna aliyethubutu kukohoa.

"Mbao ziko nyuma, baba," akasema. "Ukae nazo wiki nzima."

"Wiki nzima," akasema baba yake. "Nimesikia, mwanangu."

Mimi nililia waziwazi, wala sikusingizia vumbi. Kisha nikamkumbusha kuhusu bomba, maana haki ni haki.

"Mwulize mwanao," akasema huku anajitwika mfuko. "Yeye ndiye aliyefanya zege lisivunjike."

Linavuja mpaka leo. Nimeweka ndoo.