Hakuna wa Kukanyaga Zulia la Maua

Tangu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimepiga magoti barabarani Kikula, nikimwaga maua na kugombana na watu. Nimegombana na muuza makaa na baiskeli yake, nimegombana na kuku, hata katekista nimemfukuza. Sheria yetu ni moja: zulia la maua halikanyagwi na mtu kabla Padri hajapita na Ekaristi Takatifu. Na mkubwa wa zulia ni mimi.

Lakini ukali wote ule ulikuwa woga tu. Bwana yangu, Magloire, aliniapia hatachimba tena madini Kamatanda usiku. Akaenda. Kumekucha, hajarudi, na simu yake haipiti.

"Mama Bibiane, unatia maua mekundu kwenye mchoro wa kikombe, pahali pa manjano," akasema Alphonsine, jirani yangu. Bwana yake, Parfait, anachimba shimo moja na wangu. "Tulia. Watakuwa wamelala kule kule."

"Walale wapi? Juu ya mawe?" nilimfokea. Nikaanza kuokota yale maua ya bugenvilia moja moja.

Kengele zikalia, maandamano yanatoka kanisani. Hapo hapo pikipiki ikatokea upande wa soko, honi haikatiki. Dereva mbele, mtu nyuma, katikati wamembana majeruhi, kichwa kimelala, uso vumbi tupu.

"Shimo limeanguka Kamatanda! Tunaenda ku hôpital! Mama, mutupishe!"

Wanawake wenzangu wa maua wakashikana mikono mbele ya zulia. "Hapana! Muzunguke!" Kisha wakanitazama, wakingoja neno la mkubwa wao.

Mimi huyo nikaingia na miguu yote miwili katikati ya kikombe. "Wapite! Nimesema wapite!" Nikakimbia hadi kwenye pikipiki, nikashika kile kichwa, nikakipangusa uso kwa ncha ya kitenge changu.

Hakuwa Magloire. Zaidi ya hapo sikumtazama.

"Aksanti, Mungu wangu! Aksanti!" nilipaza sauti, nikacheka huku machozi yananitoka.

"Magloire iko muzima, mama," dereva akasema. "Ni yeye alimuvuta huyu toka shimoni."

Niligeuka nimkumbatie Alphonsine. Alikuwa amesimama nyuma yangu, juu ya maua, macho kwenye uso niliotoka kuupangusa.

"Parfait," alisema polepole.

Alikuwa amenisikia nikicheka.