Simu Ikiuliza, Bonyezeni Ndiyo

Jengo la idara lilipata ufa kutoka dari mpaka sakafu. Wahandisi wakaja, wakaugongagonga, wakatikisa vichwa, na wafanyakazi wote wakaambiwa wakusanye vyao wakafanyie kazi majumbani. Mkurugenzi alimwita Mama Waya, fundi wa kompyuta aliyepewa jina hilo kwa sababu mkoba wake haukosi nyaya, akamwambia, "Nataka kila mtu aingie kwenye mtandao wa ofisi akiwa kwake, kama vile yuko mezani pake." Aliyasema kwa wepesi wa mtu anayeagiza chai.

Haikuwa chai. Idara ile ilihudumia wanawake waliokimbia waume wanaowapiga. Ilikuwa na nyumba zake za kuwafichia, nyumba za kawaida kabisa, zisizo na kibao wala bendera, na kompyuta zake hazikuwahi kufunguliwa njia ya kuingilia kutoka nje. Sasa fundi alitakiwa aitoboe njia hiyo, kisha ailinde. Na aliilinda, hilo tusimnyime. Aliweka kufuli mbili. Ya kwanza ni neno la siri. Ya pili ni simu ya mfanyakazi mwenyewe: mtu akijaribu kuingia kwa jina lake, simu inalia na kuuliza, "Ni wewe?" Chini ya swali kuna vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Mwizi akilipata neno la siri, bado simu hana.

Tatizo lilikuwa watu. Kila alipokuwa anajaribu kama njia ya mtu fulani inafanya kazi, simu ya mtu huyo ililia, na mwenyewe akababaika. Mhasibu alibonyeza Hapana kwa sababu, alisema, hakuupenda ule mlio. Dereva alimpa mkewe simu abonyeze yeye, lolote likitokea lawama zisimwangukie. Ukibonyeza Hapana njia inajifunga, na fundi anaanza upya, huku anapigiwa simu na watu wazima wanaolia kama wamefungiwa nje na mvua inanyesha. Mama Waya alichoka. Akarekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi la wafanyakazi: "Jamani, nawaomba sana. Simu ikiuliza, bonyezeni Ndiyo. Ni mimi najaribu."

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama maji. Majaribio yakaisha, mkurugenzi akamsifu mbele ya wenzake, na Mama Waya akavimba kichwa kidogo, kama ambavyo ningevimba mimi na wewe. Kuwaambia watu kwamba majaribio yamekwisha hakukumbuka.

Angepaswa kukumbuka kuliko mtu mwingine yeyote, maana mdogo wake wa tumbo moja alikuwa katika mojawapo ya nyumba zile, yeye na binti yake mdogo. Alikimbia mkono wake mmoja ukiwa umevunjika. Mumewe alipokuja kumtafuta hakuja na fujo. Alikuja na wazee wa kwao, amevaa vizuri, viatu vinang'aa, akaongea kwa sauti ya chini, akamwita mama mkwe wake "mama" katika kila sentensi. Mama Waya aliapa mbele ya kikao kile kwamba hajui mdogo wake aliko. Siku hiyo ilikuwa kweli. Aliyejua ni mkurugenzi.

Lakini ile njia mpya ilihitaji intaneti katika kila nyumba ya maficho, ili na matroni wanaozisimamia waweze kuingia kwenye mtandao, na wa kuifunga alikuwa mmoja tu. Katika nyumba ya tatu aligonga akiwa na ngazi begani, na aliyemfungulia mlango wa ndani alikuwa mdogo wake. Walikumbatiana, ngazi ikaanguka. Mkurugenzi, aliyekuwa amemsindikiza, aliwaacha walie, kisha akamwambia, "Umeona, umesahau." Mama Waya akaitikia. Tangu hapo, shemeji yake alipokuja kumsalimu mama, yeye alijifungia chumbani akisingizia kichwa kinauma. Alimwogopa. Aliiogopa sauti ile ya chini, na zaidi aliuogopa uso wake mwenyewe, usije ukasema.

Asubuhi moja alikuwa ameketi kwenye meza ya kulia, nyumbani kwa mama yake, kompyuta mbele yake na kikombe pembeni, akiangalia nani ameingia kazini. Akaona jina la Bi Miwani limetokea mara mbili. Bi Miwani alikuwa karani wa masjala, mama mtu mzima aliyebakiza kidogo tu astaafu. Mara ya kwanza liliingia kutokea nyumbani kwake. Mara ya pili liliingia kutokea mahali pengine.

Akampigia simu.

"Shikamoo, Bi Miwani."

"Marahaba, mwanangu. We hushibi kazi? Simu imeniuliza tena asubuhi hii hii, mikono ina sabuni, nikasema huyu ni Mama Waya tu. Nikabonyeza Ndiyo, nikaendelea kufua."

"Imeanza lini kukuuliza hivyo?"

"Tangu juzi. Nabonyeza tu, kama ulivyosema."

"Bi Miwani, mimi sijajaribu kitu. Kuna mtu umempa paswedi yako?"

"Nimpe nani? Labda yule fundi wako."

"Fundi gani?"

"Yule uliyemtuma akague kompyuta yangu. Amekuja, amebisha hodi, akaniambia, 'Nimetumwa na Mama Waya, huyo ni dada yangu kabisa.' Mstaarabu huyo! Alivua viatu mlangoni, vinang'aa hivyo mpaka nikaona haya kwa zulia langu. Na sauti yake taratibu, utadhani yuko kwenye ibada." Kisha sauti ya Bi Miwani ikawa ndogo. "Mwanangu, hukumtuma?"

"Usiiguse kompyuta," alisema Mama Waya. "Usimfungulie mtu mlango."

Alilifunga jina la Bi Miwani, na yule mwingine akakatika. Kisha akaangalia mtu yule alikuwa akifungua nini. Mafaili yenyewe hakuruhusiwa kuyasoma, fundi huona majina ya juu tu. Ilitosha. Kati ya mafaili yote ya idara, mtu yule alikuwa amefungua moja: la mdogo wake. Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena, mpaka asubuhi hii.

Kwa mawazo yake, humo ndani kulikuwa na kila kitu, mtaa, rangi ya geti, chumba anacholala. Aliuona mkono wa mdogo wake katika bandeji. Alijiona yeye mwenyewe akirekodi ule ujumbe, akicheka kidogo mwishoni, na akatamani aimeze sauti yake yote irudi tumboni. Yeye ndiye aliyewafundisha. Jina lililomfungulia mtu yule mlango wa Bi Miwani lilikuwa lake, na neno lililomfungulia mtandao lilikuwa lake pia.

Alimpigia mkurugenzi. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga tena, ikawa vilevile. Alimwandikia matroni wa nyumba ya tatu kupitia mtandao, lakini kompyuta ya matroni ilikuwa bado haijawashwa, na namba yake ya simu anayo mkurugenzi peke yake. Akasimama.

"Wapi tena, na chai hujamaliza?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Kazini, mama."

"Kazi si imehamia hapo mezani?" Mama alitoka akijifuta mikono. "Halafu mkwe wangu nimekutana naye pale dukani nilipokwenda kununua sukari. Kaniuliza kama upo nyumbani leo. Nikamwambia yupo, kajikunyata na mashine yake. Jamani, huyo kijana kakonda. Anasikitisha."

Mama Waya aliyasikia maneno hayo nusu nusu. Kichwani kwake yalikuwa na maana moja tu, kwamba yule mtu alishatoka nyumbani kwake, na kama ametoka basi yuko njiani kwenda kule. Alichukua mkoba, akasahau kufunga kompyuta, jambo ambalo angemgombeza mtu mwingine yeyote kwa kulifanya, akatoka mbio hadi kituo cha teksi.

"Endesha," alimwambia dereva.

"Kuelekea wapi, dada?"

"Nitakuonyesha. We endesha."

Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi. Alizungumzia mashimo ya barabarani, akayalaani moja moja. Mama Waya aliitikia "eeh" bila kusikia, mikono ameifumbata mapajani. Macho yake yalikuwa mbele tu. Kila gari lililowapita alilichungulia ndani, akimtafuta mtu aliyekaa wima na shati lililopigwa pasi. Alijipa moyo kwamba geti la nyumba ile ni la chuma. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe aligonga mara moja tu, akafunguliwa.

"Kata kushoto pale kwenye duka la rangi," alisema hatimaye. Zilibaki kona mbili.

Simu ikalia. Mkurugenzi.

"Nilikuwa kikaoni. Simu zote hizi za nini?"

Mama Waya alimwaga yote kwa pumzi moja, Bi Miwani, fundi wa uongo, faili. "Ameipata anwani, mama mkurugenzi. Ameisoma. Waambie wamtoe mdogo wangu sasa hivi."

Mkurugenzi alijibu akichagua maneno. "Anwani haimo humo. Hakuna anwani ya nyumba yoyote kwenye kompyuta. Hatujawahi kuziandika, hata kabla hujaajiriwa. Zinakaa vichwani."

Machozi yalimtoka Mama Waya kwa nafuu. "Alhamdulillahi. Sasa amesoma nini siku zote hizi?"

"Ngoja nilifungue." Zilisikika herufi zikibonyezwa. "Kuna ripoti ya daktari. Maelezo ya mtoto. Kuna jina la matroni, lile la kupanga." Kisha, polepole: "Na kuna taarifa ya matengenezo. Inasema, intaneti ya nyumba imefungwa na fundi wa idara, Mama Waya. Mgeni amemwona dada yake, amefurahi."

Hapo ndipo lilipomwingia. Shemeji yake hakujua nyumba iko wapi. Alichojua sasa ni nani anajua.

"Uko wapi?" aliuliza mkurugenzi.

"Njiani."

"Njiani kwenda wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani, Mama Waya aligeuka akatazama nyuma. Pikipiki moja ilikuwa inakuja taratibu, haina haraka ya kuwapita, ingawa barabara ilikuwa wazi. Aliyeiendesha alivaa kofia ngumu, uso hauonekani. Viatu vilionekana.

"Simama," alimwambia dereva.

"Si umesema tukate kushoto?"

"Simama hapa hapa, kaka, nakuomba."

Pikipiki nayo ikasimama, mbali kidogo. Mwenyewe hakushuka.

"Niko kwenye kona ya duka la rangi. Yuko nyuma yangu," alisema kwenye simu. Sauti yake hata yeye hakuitambua.

"Nisikilize," alisema mkurugenzi. "Usikate hiyo kona. Wala usirudi ulikotoka, utamwonyesha umeshtuka. Nampigia matroni awatoe kwa nyuma, gari nalipeleka sasa hivi, halafu polisi waje hapo ulipo. Nahitaji muda kidogo. Kaa mahali penye watu."

Simu ikakatika. Mama Waya alishuka, akaingia kwenye duka la rangi. Ndani mlikuwa na muuzaji mmoja na mteja mmoja aliyekuwa akibishana juu ya nyeupe na nyeupe nyingine. Harufu ya rangi ilimpanda kichwani. Alisimama mbele ya makopo, akayatazama bila kuyasoma. Aliwaza kutokea mlango wa nyuma akimbie, na miguu ilitaka hivyo. Lakini yeye akikimbia, yule hana tena wa kumfuata, na akiwa hana wa kumfuata ataanza kuzunguka mitaa hii akisoma mageti, akiuliza watu kwa sauti yake ile ya chini kama wamemwona mama mmoja mwenye bandeji. Na zilibaki kona mbili.

Nje, injini ilizimwa. Hatua zikapanda ngazi ya duka, taratibu.

"Habari za asubuhi, shemeji."

"Nzuri," alijibu Mama Waya.

"Mbona umeshukia hapa? Nilidhani tunaendelea." Alitabasamu. Kofia aliishika mkononi, kama mtu aliyekuja msibani. "Uliniapia, shemeji. Mbele ya mama."

Mama Waya alimwogopa kuliko alivyowahi kumwogopa mtu. Lakini katikati ya woga ule alipata jambo moja la kushika: alipo huyu mtu, kule hayupo. Kila dakika anayosimama mbele yake ni dakika ambayo mdogo wake anafungiwa mtoto mgongoni na kutoka.

"Ni kweli niliapa," alisema. "Tuna mengi ya kuongea, shemeji." Kisha akamgeukia muuzaji. "Samahani, kaka. Unaweza kutupatia viti viwili?"

Muuzaji alivileta, akashangaa. Mama Waya akaketi wa kwanza, akamwonyesha shemeji yake kiti cha pili.