Mkamwana Kwenye Maji Moto

Asubuhi ya Jumamosi, Atuganile alipewa habari mbili kwa simu moja. Ya kwanza, mume wake Ezron hangeweza kwenda matembezini. Lori la mteja wake lilikuwa limezuiliwa mpakani na hakuweza kuliacha. Ya pili, kiti chake kwenye gari kisingebaki wazi. Angekwenda baba.

"Baba yupi?" Atuganile aliuliza, ingawa alijua.

"Baba yangu. Tangu afikie kwa mdogo wangu amekaa barazani wiki nzima anatazama foleni ya malori. Na yeye aone kitu. Yeye atapanda gari la mbele, wewe la nyuma. Shida iko wapi?"

Shida Ezron aliijua vizuri kuliko yeye. Kwao, Wandali wa Ileje, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani, na wakikutana njiani mwanamke hutoka pembeni, hugeuka na kujifunika uso mpaka mzee apite. Wengi mjini wamekwisha kuiacha desturi hiyo. Mzee Andongwisye, ambaye jina lake mkamwana wake hakuwahi kulitamka, hakuiacha. Atuganile alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya pale Tunduma, mtu wa kuamini kile anachokiona kwenye darubini. Lakini kwa miaka sita ya ndoa alikuwa ameishika desturi hiyo bila ubishi, kwa sababu haikuwa imemgharimu chochote.

Matembezi yenyewe yaliandaliwa na wazazi wa shule ya awali kwa ajili ya likizo ya Juni: Koasta mbili, watoto ishirini na wanane, kwenda kwenye chemchemi za maji moto kando ya mto Songwe. Walipita Vwawa na Mlowo, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye vichanja na upepo wa baridi ukipuliza vumbi barabarani. Atuganile alikaa nyuma na mwanawe Ipyana, wa miaka mitano, na jirani yake Shamimu, yaani Mama Nasri, mzaliwa wa Tabora, ambaye mume wake anauza vipuri.

"Yaani babu wa watu yuko pale mbele, na wewe uko huku nyuma unamfuata," Shamimu alisema. "Mnakwenda kama mwizi na polisi. Nani mwizi?"

"Nyamaza, Mama Nasri."

"Akikohoa huko mbele, wewe huku unaficha uso? Niambie nijue, nisije nikakaa vibaya."

Atuganile alicheka, lakini jicho lake halikuondoka kwenye Koasta ya mbele.

Walipofika, mlinzi wa chemchemi, aliyejiita Osea, aliwakusanya watoto karibu na dimbwi la juu. Maji yalikuwa yakitokota polepole na kutoa mvuke. Ukingo wake ulikuwa mweupe kama chumvi.

"Hapa peupe si ardhi," Osea alisema. "Ni ukoko. Chini yake ni maji yanayoivisha yai. Ukitaka kupita, kanyaga mawe meusi tu. Na watoto hawapiti kabisa."

Kila mtoto alikuwa amekuja na yai lake, limeandikwa herufi ya jina kwa kalamu. Osea aliyaweka yote kwenye wavu, akaufunga kwenye ufito mrefu na kuutumbukiza. Baada ya robo saa aliutoa. Mayai yalikuwa ishirini na saba. Wavu ulikuwa na tundu, na yai la Ipyana lilikuwa limebaki dimbwini. Akapewa la mtoto mwingine.

"Hili lina R," Ipyana alisema, akalirudisha. "Mimi si R."

"Ladha ni ileile, mwanangu," Atuganile alisema.

"Langu limo mle ndani. Naliona."

Atuganile alimshika mkono, wakashuka naye kuelekea dimbwi la chini, ambako maji yalikuwa ya uvuguvugu na akina mama walikuwa wakiosha miguu. Njia ilipita katikati ya matete marefu. Nusu ya njia, pale inapoungana na njia ya magari, aliona mbele yao viatu vya ngozi na ncha ya fimbo vikipanda. Hakuhitaji kuona zaidi. Alitoka njiani hatua tatu, akageuka na kuvuta kitenge usoni.

"Babu!" Ipyana aliita, na mkono wake ukachomoka.

Atuganile alisimama akiangalia nyuzi za kitenge. Alisikia sauti ya mtoto na sauti nzito ya mzee, lakini upepo ulikuwa ukiyasugua matete na maneno hayakufika. Kisha akasikia hatua zikigeuka na kurudi upande wa magari. Mzee alikuwa ameamua kumpisha. Akangoja, akahesabu hadi thelathini kama alivyozoea, akafunua uso. Njia ilikuwa tupu. Mtoto alikuwa na babu yake. Akateremka kuosha miguu.

Dakika kumi na mbili baadaye, Shamimu alikuja na sahani ya pilau.

"Ya Ipyana hii. Yuko wapi?"

"Yuko na babu yake kwenye magari."

"Babu yake nimemwacha sasa hivi kwenye magari, anakunywa chai peke yake."

Atuganile aliutoa mguu majini. "Mama Nasri, umeangalia vizuri?"

"Nimemkaribisha pilau, akakataa. Nimwangalieje tena?"

"Kamuulize. Kimbia. Muulize mtoto aliachana naye wapi."

Shamimu alitupa sahani, akakimbia. Atuganile alipanda nusu ya njia, mpaka pale alipokuwa amesimama mwanzo, na hapo akajilazimisha kusimama. Kulikuwa na njia tatu: ya magari, ya dimbwi la chini na ya dimbwi la juu. Na nyuma ya magari kulikuwa na mto. Kuchagua bila kujua kungekuwa kubahatisha. Aliita jina la mtoto mara nne. Mtu pekee wa kumuuliza alikuwa umbali wa hatua mia, na swali lilipaswa kwenda na kurudi kwa miguu ya mtu mwingine.

Shamimu alirudi akihema. "Anasema mtoto alimwomba fimbo, akampa, mtoto akarudi kwako. Anasema hakuweza kuangalia zaidi kwa sababu wewe ulikuwa upande huo."

"Fimbo ya nini?"

"Hilo sikuuliza! Nirudi?"

Sasa Atuganile alielewa. Yeye aligeuka asimwone mzee, mzee aligeuka asimwone yeye, na mtoto akapita nyuma ya mgongo wake, kwenye matete yaliyokuwa yakivuma, akiwa na fimbo. Kila mmoja alikuwa na hakika mtoto yuko kwa mwenzake. Fimbo ilikuwa ya kulitolea yai.

"Mwambie dimbwi la juu!" alipiga kelele huku akikimbia. "Apandie upande wa magari!"

Ipyana alikuwa amechuchumaa ng'ambo ya dimbwi, juu ya ulimi mweupe uliochomoza juu ya maji. Fimbo ilikuwa mikononi mwake, na ncha yake ilikuwa ikikoroga mvuke. Osea hakuonekana. Kuzunguka kulikuwa na matete na tope, si chini ya dakika tatu. Akimwita kwa nguvu, mtoto angeshtuka na kuinuka, na ukoko ule haukuwa na unene wa sahani.

Hapo matete ya ng'ambo yakafunguka, akatokea mzee. Alikuwa hatua nane tu kutoka kwa mtoto. Aliinua kichwa, akamwona mkamwana wake upande wa pili, na kwa mazoea ya maisha yake yote akageuza uso, akampa mtoto mgongo.

"Baba, usigeuke!"

Mabega ya mzee yalikauka.

"Baba, geuka. Niangalie mimi. Mtoto yuko mbele yako, kidogo kushoto."

Aligeuka. Kwa mara ya kwanza Atuganile aliuona uso wake. Ulikuwa wa Ezron uliozeeka, macho yameanza kufunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Hakuwa na uwezo wa kutofautisha jiwe na ukoko.

"Sioni pa kukanyaga," mzee alisema.

"Mimi naona. Mguu wa kulia, mbele kidogo. Hapo. Hilo ni jiwe. Sasa wa kushoto, uvute karibu. Hapana, hapo ni peupe, rudisha!"

Mzee alirudisha mguu. Kishindo chake kilipasua kipande cha ukoko, kikazama bila sauti. Ipyana aliinua macho.

"Mama, nimeliona," alisema. "Lina I."

"Vizuri, mwanangu. Usisimame. Mngoje babu alione na yeye. Baba, hatua fupi. Tena. Sasa inama, mkono wako wa kushoto umefika kwenye shati lake."

Mzee alimnyakua. Mtoto alirusha miguu, mguu mmoja ukapasua ukoko na kuingia majini hadi kwenye kifundo, akalia kwa sauti ambayo Atuganile alikuwa ameshaisikia akilini mwake tangu kwenye matete. Atuganile akayazunguka yale matope bila kukumbuka baadaye alivyopita. Alipofika, mzee alikuwa amesimama kwenye nyasi, amembana mtoto kifuani. Hakumweka chini ili mama aje amwokote, kama ilivyopasa. Alimpitisha mkono kwa mkono.

"Shika, mama," alisema.

Ngozi ya mguu ilikuwa nyekundu, na lengelenge lilianza kuinuka juu ya kisigino. Ni kifundo tu, vidole vyote vilikuwa vikicheza. Shamimu alifika na dumu la maji ya kunywa, na nyuma yake akina mama wengine, ambao waliona nani amesimama karibu na nani na wakasimama mbali.

"Maji yatiririke juu ya mguu dakika ishirini, bila kukatika," Atuganile alisema. "Mama Nasri, leta dumu la pili, na mwambie dereva awashe gari. Nani atamwaga?"

Mzee alichukua dumu. Akapiga goti kwenye nyasi, mbele ya mkamwana wake, akaanza kumwaga. Maji mengine yalimwangukia Atuganile kwenye magoti. Ipyana alikuwa bado akilia, sasa kwa kudai yai.

"Hili la kutazamana na kusemezana itabidi lisemwe nyumbani," mzee alisema, macho yake kwenye mguu wa mtoto.

"Litasemwa, baba. Usikate maji."

Akamwaga. "Bado?"

Atuganile alitazama saa. "Bado, baba. Zimebaki dakika kumi na moja."

Mzee alibadilisha mkono, akaendelea.