Gari la Pili

Jumatatu baada ya chakula cha mchana, Scolastika na mama yake mzazi, Mbuke, pamoja na jirani yao Zuwena walikaa kwenye kivuli cha ukuta wakichagua mchele wa sherehe. Mchele ulikuwa na mawe mengi, maana ulitoka duka la ujamaa, na duka la ujamaa liliuza kilichopo. Bujiku, mtoto wa Scolastika, alikuwa amehitimu chuo cha upimaji wa ardhi, na Jumamosi angerudi nyumbani. Katika kijiji kizima yeye ndiye wa kwanza kusomea kazi yenye vyombo vya kubeba begani.

Jambo lililowachanganya ni mahali pa kukaa wageni. Tangu walipohamishiwa kijiji hiki kipya, mwaka sabini na nne, kila nyumba ilisimama kwenye mstari, na mbele ya mlango palitosha mbuzi wawili na mtu wa kuwafukuza. Zuwena alisema watu wakae barabarani. Scolastika akasema hapana, shuleni. Baadaye Scolastika akaona barabarani ni pazuri, na Zuwena akaona shuleni ndiko, wakaanza kubishana upya kila mmoja akiwa upande wa mwenzake.

"Na shikome?" Mbuke akauliza.

Shikome ni moto wa uani, unaokokwa karibu na zizi, na wazee huuzunguka jioni. Katika ukoo wao, mtu aliyerudi na heshima hakuingia ndani kabla mkubwa wa nyumba hajamketisha kwenye moto ule na kumpaka majivu yake kwenye paji la uso. Nyumba za mstari hazikuwa na zizi wala shikome. Na mkubwa wa nyumba hakuwapo.

Mkubwa huyo ni Mabula, mume wa Mbuke. Siku ya kuhama lori lilijaa, na mwenyekiti Theonest akamwambia, "Mzee, wewe kaa hapo mlangoni, usiondoke. Utakuja na gari la pili." Gari hilo halikuja, na Mbuke alipotaka kurudi kwa miguu kumwangalia, mgambo walimgeuza njiani, kwa kuwa kurudi nyuma kulikatazwa. Siku zile moshi ulionekana upande ule. Theonest alisema ni watu wanasafisha mashamba.

"Si mkoke kwenye jiko la mkaa, Bibi," Zuwena akasema. "Sisi kwetu mjini, Nyasubi, hata arusi tunapika kwa mkaa."

"Ninyi mnaoana hata harufu ya ng'ombe hamjaisikia. Mnajuaje kama mmeoana?"

Wakacheka. Zuwena akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akainua macho, akanyoosha kidole.

"Mama Bujiku, ile kule mbugani si nyumba yenu ya zamani?"

Scolastika akakinga jua kwa ungo. "Ndiyo yenyewe. Lakini imekonda."

Ilikuwa bado mbali, na ua wake wa minyaa, na zizi lake. Wakaendelea kuchagua mchele. Kesho yake nyumba ilikuwa imefika kwenye mashamba ya mtama, inapita polepole isivunje mabua. Hapo mipango ikavurugika kabisa. Kama nyumba inakuja, mafiga yapangwe wapi? Ng'ombe achinjiwe ua gani? Na waalikwa waambiwe waje kwa Mbuke au waje kwa Scolastika? Kuku ndio waliowahi kuamua. Ijumaa nyumba iliposimama nyuma ya mstari, nusu yake ikiwa barabarani, wakahamia humo.

Paa lilikuwa limeungua upande mmoja. Mbuke akainama, akaingia. Mabula alikuwa ameketi karibu na mlango juu ya kigoda chake, mzigo magotini. Mabegani alikuwa na majivu. Aliyapangusa, yakarudi.

"Gari limefika, Mama Scolastika?"

"Halijafika, Baba Scolastika. Bujiku amehitimu. Njoo utukokee moto."

"Nitatokaje? Mwenyekiti alisema nisiondoke hapa. Nikitoka, gari likapita, nitaitwa mkaidi."

"Na paa lilipowaka, hukutoka?"

"Nilisogeza kigoda."

Basi Mbuke akaelewa. Aliyemkalisha pale ndiye angeweza kumwinua. Theonest akikubali kusema kwamba gari la pili halikuwapo, mzee atasimama, atatoka uani, na mtoto atapokelewa kama wenzake waliomtangulia. Akamtuma Scolastika kumwita. Scolastika alikwenda huku akirudi rudi nyuma, kwa sababu Theonest ndiye aliyemtafutia Bujiku nafasi ya chuo, na ndiye aliyeahidi kumsemea apate kazi wilayani.

Theonest akaja na suti yake ya Kaunda. Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenyekiti. Gari?"

Theonest akatazama paa. Akatazama kigoda.

"Mwambie, mwanangu," Mbuke akasema. "Hatuna neno jingine na wewe. Mwambie tu."

"Liko njiani, mzee," Theonest akasema. "Liliharibika. Spea inatoka Mwanza."

"Nilijua tu ni spea," Mabula akasema, akaweka mzigo vizuri magotini.

Jumamosi watu walikuja wengi. Hawakujua waseme pole au waseme hongera, kwa hiyo wengi walisema vyote viwili, na Scolastika aliitikia asante bila kuchagua. Wengine walikaa barabarani, wengine walikwenda shuleni wakasubiri huko mpaka walipofuatwa. Basi la Masumbwe likamshusha Bujiku, na miguu mitatu ya chombo chake begani. Bibi yake akamshika mkono akampeleka moja kwa moja mpaka mlangoni, nje, mbele ya kigoda cha babu yake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umerefuka. Nenda kaa kwenye shikome, nakuja."

Bujiku akakaa kwenye jivu la baridi. Wazee nao wakakaa. Wakangoja. Zuwena akafunua sufuria la pilau, akalifunika, akalifunua tena.

"Bujiku," Mbuke akasema mwishowe, "mwenyekiti anakupenda. Mwombe amwambie babu yako ukweli, tule."

Bujiku akasimama. Theonest naye akasimama, akamwekea mkono begani mbele ya watu.

"Kabla hatujala," akasema, "hebu mtaalamu wetu atuonyeshe alichosomea. Jumatatu wakubwa wa wilaya watapita hapa. Hii nyumba iko kwenye mstari, haiko?"

Bujiku hakujua ameulizwa kama mjukuu au kama mtaalamu. Alimtazama bibi yake. Alimtazama mama yake, na mama yake alikuwa anatazama ungo usio na kitu. Akatoa futi yake ya kamba, akamshikisha Zuwena ncha, akapima. Alipima vizuri, akarudia upande wa pili.

"Imeingia barabarani," akasema.

Watu wakapiga makofi, maana hawakuwa wamewahi kuona futi ndefu namna ile. Theonest akatoa hotuba, akaagiza barabara iwe wazi kabla ya Jumatatu. Pilau ikaliwa, na ilikuwa na mawe machache tu. Paji la uso wa Bujiku lilibaki safi.

Mbuke akapeleka sahani ndani, imefunikwa kawa.

"Mwambie Bujiku kamba aliinyoosha sawasawa," Mabula akasema. "Sherehe nyingine nitakuja na gari."

"Nikae na wewe huku?"

"Wewe utakaaje? Wewe ulishapanda la kwanza."

Nyumba ikaondoka alasiri ileile. Kuku walishuka mmoja mmoja. Bujiku alitangulia na kibendera chekundu akiionyesha pa kupita, isikanyage viwanja vya watu, mpaka ikaingia kwenye mtama. Kazi ya wilayani aliipata.

Mpaka leo nyumba huonekana mbugani siku ambazo hakuna vumbi. Hutembea taratibu, haiendi mahali. Msimu wa pamba, lori likisikika linapanda barabara kuu, nyumba husimama. Mbuke naye husimamisha ungo, pumba zikiwa bado hewani. Lori likishapita, nyumba huendelea na safari, naye hupepeta tena.