Ng'ombe wa Mama Kabula

Mama Kabula alikataa kiti. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya Dina na Kelvin pale Mpanda mjini, vumbi la njia ya Majimoto limemjaa kwenye kanga, akauliza, "Nani kati yenu amempa marehemu Lyamba ng'ombe wangu?"

Dina, aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe Upendo, alihisi uso unamchoma. Yeye na Kelvin ndio waliotengeneza mfumo wa chanjo ya mifugo. Kila ng'ombe, jina moja: la mwenye mali. Lakini kwa Wasukuma mtu humpa mwenzake ng'ombe amfugie. Huyo anakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wa aliyewatoa. Lyamba, aliyemfugia Mama Kabula, aliwapeleka ng'ombe hao kuchanjwa, mfumo ukaandika ni wake. Sasa amefariki, na ndugu zake wanaonyesha jina lake kwenye simu: hawa wetu.

"Si uongeze nafasi ya anayefuga?" Dina alimwambia Kelvin.

"Haiongezeki. Hifadhidata tuliyojengea ni ya kampuni, wameifunga. Nimewaandikia tangu masika, wanasema tusubiri."

"Ng'ombe wa huku, wamechanjwa huku, halafu kusahihisha jina tuwapigie magoti watu wasioijua hata Majimoto! Nilikwambia tuchukue ile ya huria. Unaifungua, unairekebisha mwenyewe."

"Ya bure hiyo, mama Upendo. Ikiharibika tutampigia nani?"

"Na huyo unayempigia amepokea lini?"

"Nyie gombaneni tu," alisema Mama Kabula. "Ndugu za Lyamba wanafungua zizi."

Dina akampakatisha Kelvin mtoto. "Mshike." Akafungua kompyuta yake, mlimokuwa na hifadhidata ya huria aliyojifunza kwenye masomo ya jioni. Akanakili humo majina yote ya ule mfumo, akaongeza nafasi: mwenye mali, anayefuga, shahidi.

"Mama, nani alikuwepo ulipomkabidhi Lyamba?"

"Malale, jirani yangu."

Wakampigia. "Wale?" sauti ya Malale ikajaa chumba. "Hata yule mwekundu wa pembe moja ni wa Mama Kabula! Nilikuwepo, na togwa nilikunywa. Mwenyekiti wa kijiji aniite, nitasema."

Dina akaandika.

"Hiyo ya shahidi umeiweka sasa hivi?" Kelvin aliuliza, Upendo anamvuta ndevu.

"Sasa hivi. Unaona nimemwomba nani ruhusa?"

Mama Kabula hakushukuru. "Na ng'ombe wa wenzangu? Waliofugisha ni wengi."

Kelvin akamrudishia Dina mtoto, akasogeza kiti karibu na kompyuta. "Nionyeshe inavyowekwa," alisema. "Ya kampuni leo tunaitoa."