Vitambulisho vya Cheptiret

Akello na Chepkoech, wanawake wawili marafiki, walikuwa na biashara ndogo ya bustani mtaa wa Pioneer, Eldoret. Walikata nyasi, walipanda maua na kuotesha fensi za kayaba, mti wenye miiba mirefu. Biashara hiyo nusura ife Januari 2008, vurugu za uchaguzi zilipozuka na makabila yakaanza kufukuzana. Akello alikimbilia kwao Siaya na watoto, akiwa amevaa ndara mbili za mguu mmoja. Chepkoech akabaki, akaficha toroli, reki na mashine ya kukata nyasi katika zizi la ng'ombe kwa mamake, Kapseret. Vijana walipokuja kumwuliza vitu vile ni vya nani, akawajibu ni vya ng'ombe.

Akello aliporudi mwezi wa Juni, alikuta mashine imepakwa mafuta vizuri na inanuka samadi. Walicheka mpaka wakalia. Kisha wakaanza upya.

Aliyewashika mkono ni Mzee Odera, mtu wa kwao Akello, mwenye kitalu cha miche Cheptiret, kando ya barabara ya Nakuru. Yeye mwenyewe alikuwa amechomewa nyumba. Hata hivyo aliwapa miche mia mbili bila kuombwa. "Nendeni mkapande," alisema, akageuka kabla hawajamshukuru. Tangu siku hiyo Akello alimheshimu kama baba yake mdogo.

Aprili 2010 mvua ilikubali, na mwalimu mstaafu wa Kapseret aitwaye Virginia akawapa kazi kubwa kuliko zote: kuzungushia shamba lake lote fensi ya kayaba. Wakaenda Cheptiret kuchagua miche. Siku hizo makarani walikuwa wakiandikisha wapiga kura kwa ajili ya katiba mpya, na kila mtu alikuwa akimwuliza mwenzake swali moja. Akello naye akamwuliza mama mmoja aliyekuwa ameinama akijaza udongo kwenye vifuko.

"Umeshajiandikisha?"

"Nitajiandikisha na nini? Kitambulisho kiko kwa mkubwa."

"Anakiweka cha nini?"

Yule mama, jina lake Njambi, alitazama nyuma kwanza. "Alitutoa kambi ya wakimbizi sisi wanne, akatupa kazi na pa kulala. Akachukua vitambulisho, akasema tutapewa msimu ukiisha. Huu ni wa tatu. Geti inapigwa kufuli jioni, na Jumapili siku nzima. Mshahara anasema anatuwekea. Mimi nataka tu kwenda Molo nimwone mama yangu, haki."

Mzee Odera alitokea nyuma ya banda akitabasamu, mikono imenyooshwa kuwasalimu. Njambi akarudia udongo wake. Akello alimsalimia mzee, akasema watakuja siku nyingine, na wakaondoka bila hata mche mmoja.

Walikaa katika hoteli ya chai ng'ambo ya barabara. Akello akamwita Chepkoech kwa jina la mtoto wake: "Mama Purity, tununue kwingine. Kuna akina mama wana miche huko kwenu Kapseret. Angalau mikono yetu itakuwa safi."

"Mikono safi, na Njambi bado yuko ndani ya kufuli," Chepkoech akasema. Akaweka kikombe chini. "Na kabla hatujafika kwa Mzee Odera, kitambulisho cha Ooko kiko wapi?"

Ooko, mfanyakazi wao wa miaka arobaini na kitu, alikuwa amepoteza kitambulisho mara mbili. Alipopata cha tatu, wao wenyewe walikitia kwenye droo ya ofisi wakasema wanamtunzia. Ulikuwa mwaka wa pili sasa, na hakuna aliyekuwa amemwuliza kama anapenda.

Jioni hiyo walimwita Ooko, wakamkabidhi. Ooko alikigeuza huku na huku, uso ukabadilika.

"Mama, kwani mmenifuta kazi?"

"Hapana! Ni chako, Ooko. Kaa nacho," Chepkoech akasema.

"Nilikuwa naogopa kuwauliza," alisema, akakitia mfukoni. Kisha akakitoa, akakiangalia tena, akakirudisha. Akello aliona aibu hata akashindwa kutazama juu.

Kesho yake alirudi Cheptiret peke yake, akaongea na Mzee Odera kwa Kijaluo, kwa adabu zote. Akamwambia wazi kwamba hata yeye alifanya kosa hilo. Mzee hakuchukua hayo vizuri.

"Watu niliowaokota kwa hema! Nimewalisha miaka miwili!"

"Mzee, hata mbuzi hulishwa. Na hufungwa."

"Ukitaka miche, chukua miche. Watu wangu si biashara yako."

"Miche hii imetoka mikononi mwao. Nikiinunua hivi, na mimi nimefunga hiyo kufuli."

Mzee akamwonyesha geti. Akello alitoka huku machozi yakimtoka, akaenda moja kwa moja mjini kwa afisa wa kazi. Afisa aliandika kila kitu, akasema ataweza kufika Jumatatu ijayo.

Chepkoech hakutaka kungoja Jumatatu. Alijua watu wengine watano wa bustani mjini waliokuwa wakinunua kwa Mzee Odera, akawaita Pioneer. Kazi ilikuwa kumshawishi mmoja wao, Amos, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu juu ya kitu chochote, hata bei ya samadi. Amos alisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Sikubaliani na nyinyi." Wote wakakata tamaa. "Nyinyi mnataka kwenda na pikapu mbili. Mimi nasema twende na zote sita. Mtu anapoziona sita tupu, anaelewa haraka."

Jumamosi asubuhi pikapu sita zilijipanga nje ya kitalu. Mzee Odera alitoka mbio akifurahi, maana mvua ilikuwa imeikuza miche hadi mizizi inatoboa vifuko, na isipouzwa wiki hiyo ingeharibika. Akamwendea wa kwanza. "Nikupakilie mingapi?"

"Kwanza vitambulisho, Mzee," akasema huyo.

Akamwendea wa pili. "Vitambulisho, Mzee." Wa tatu hivyo hivyo. Alipofika kwa Amos hakuuliza tena. Alisimama katikati ya barabara, akawatazama wafanyakazi wake wanne waliokuwa wamesimama getini, kama anayewaona kwa mara ya kwanza.

"Niliogopa wangeniacha," alisema polepole. "Wote waliniacha 2008."

"Wengine wataondoka kweli," Akello akamjibu. "Ukiwalipa na usiwafungie, wengine watabaki."

Mzee akaingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti. Akasoma jina moja moja, kila mtu akaja kuchukua chake. Kufuli nayo akamkabidhi Amos, ambaye alisema hataki, kisha akaitia kwenye pikapu, na miche ikaanza kupakiwa. Njambi hakungoja kunawa mikono. Alipanda kwenye pikapu ya Chepkoech hadi kwa makarani, akajiandikisha, na vidole vya udongo vikaacha alama kwenye kitabu cha karani. Saa nane alikuwa ameshapata gari la Molo.

Jumatatu afisa wa kazi alifika, na kabla ya mwezi kwisha wote wanne walikuwa wamelipwa haki yao. Wawili walibaki na Mzee Odera, sasa kwa mkataba. Mmoja alirudi kwao Nyahururu. Mzee alimnunia Akello hadi Agosti, siku ya kura. Siku hiyo walikutana kwenye foleni. Akamwuliza, bila salamu, kama nyasi za kufunika miche zimeshapatikana mjini. Akello akajua wamepatana.

Njambi naye alikuwa amerudi kutoka Molo baada ya wiki tatu, akaja Pioneer kuomba kazi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa Mwalimu Virginia, pamoja na Ooko. Mwalimu alisimama juu ya kiti cha jikoni na miwani puani, akiwafokea kwamba mstari umepinda.

"Umenyooka, Mwalimu!" Njambi alimjibu kwa sauti kuu. "Ni kiti chako kimeinama!"

Njambi na Ooko walikishika kiti, wote watatu wakacheka, na mwalimu akashuka kwenda kuwaletea mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni.